Watani wa Serikali

Atilio Kihwele alijilaza chali ndani ya kaburi, akakunja mikono kifuani, akakataa kutoka.

Hakuna aliyeshangaa. Yeye ni Mhehe na marehemu alikuwa Mgogo, na tangu mababu wa pande hizo mbili walipochoka kuchinjana wakaamua kutaniana, hakuna Mgogo anayeteremshwa ardhini kwa amani ikiwa Mhehe yupo karibu. Watani ndio waliochimba shimo lile. Watani ndio waliokuwa wakisonga ugali nyuma ya nyumba, na watani ndio wenye haki ya kulizuia jeneza mpaka wapewe chao. Wafiwa kazi yao ni moja tu, kulia. Nyingine zote hufanyiwa, hata kucheka.

"Nataka jogoo," sauti yake ikatoka shimoni. "Na awe jogoo wa mtama, si hawa wenu mnaowalisha mlenda mpaka wanateleza wakipanda banda."

Yoeli, kaka wa marehemu, aliinamia ukingo wa kaburi, kofia mkononi, akamjibu kwamba jogoo hakuna, ila kama ana njaa sana kuna mbwa mmoja mnene hapo kwa jirani, chakula cha kwao Wahehe. Watu wakaangua kicheko. Hata mchungaji alijifunika uso kwa kitabu chake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Naomi Mbijima, binti pekee wa marehemu, alisimama amejitanda kanga mbili, na kwenye ukosi wa gauni lake kiliwaka kitaa chekundu, kidogo kama punje ya ulezi.

Katika nchi hii ya Shirikisho kila mtu huvaa kishikizo ukosini tangu ajue kusema. Ndicho kinachompigia simu, kinachomlipia nauli, kinachomfungulia mlango wa zahanati. Ndicho kinachopeleka maneno yake Barazani, uwanja ule usio na mahali ambamo nchi nzima husemezana. Na ndicho kinachomsikiliza. Maneno yote hupita katika Chujio, mashine ya Mamlaka ya Utulivu, na Chujio likinusa uchochezi, kishikizo hugeuka chekundu, kikawa jiwe. Hapo mtu huwa amefungwa akiwa njiani, mikono huru, miguu huru, na milango yote ya mji imemkataa.

Naomi alikuwa mkunga. Kosa lake lilikuwa kupeleka Barazani picha ya wodi ya wazazi ikiwa gizani, na nje ya dirisha la wodi hiyohiyo jengo la Mamlaka likimeremeta kama bibi harusi. Alifungwa chai yake ikiwa bado ya moto. Mama yake alipoona hivyo aliirudia picha ile na kuisemea maneno makali zaidi ya bintiye, naye akafungwa. Majirani wakairudia kwa hasira ya kufungwa kwa bibi kizee, wakafungwa. Mtaa wa Mizabibu ukawa na vitaa vyekundu kama shamba lililoiva. Kisha bibi kizee akabanwa kifua. Naomi alimbeba mgongoni mpaka kwenye mlango wa zahanati ambayo yeye mwenyewe alizalisha watoto humo miaka mingi, na mlango ukawatazama wote wawili, mama na binti, ukakaa kimya. Alipopatikana mpita njia mwenye kishikizo cha kijani, mzigo mgongoni mwa Naomi ulikuwa umeshakuwa mzito namna nyingine.

Aliyelifundisha Chujio kusikiliza ni Atilio. Mtaa mzima ulijua. Angeweza kubaki nyumbani, mlango kaufunga, asizike. Lakini mtani asiyezika ni mtu gani? Naye Naomi angeweza kutamani kumfukuza, lakini mtani hafukuzwi msibani. Basi Atilio alilala mle chini, udongo baridi ukimpenya mgongoni, asijue kama anatania au kama kweli angependa wamfukie.

"Toka, Mhehe," Yoeli alisema. "Serikali ikisikia umelala siku ya kazi itakufunga."

Ndipo Atilio akasema lile neno. Hakulipanga. Lilimtoka kama kikohozi.

"Serikali? Serikali ni mtani wangu. Ni mtani wa kila mtu nchi hii. Imekula kuku wetu bila kuuliza, imetuzimia taa, imepanda kitandani kwetu na viatu vyake. Nani hufanya hayo kama si mtani? Basi na sisi tuna haki zetu juu yake."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama vile vya kwanza. Kilianza chini, kikapanda, kikakataa kuisha, na katikati yake wanawake wakaanza kulia. Naomi naye alicheka. Alicheka machozi yakimtiririka, na jogoo alipoletwa, ni yeye aliyenyoosha mkono kumvuta Atilio kutoka shimoni.

"Umesema vizuri, mtani," alimwambia kwa sauti ndogo. "Hata mama angecheka."

Atilio alirudi kwake na jogoo kwapani, asijue kama amesamehewa au ametemewa mate.

*

Asubuhi iliyofuata ukuta mkubwa wa Mamlaka ulikuwa wa kijani.

Kwa kawaida ukuta ule ulionyesha kila kishikizo cha mji wa Makutano kama nukta, za kijani kwa walio huru na nyekundu kwa waliofungwa, na katika mwezi ule wekundu ulikuwa umetambaa kutoka Mtaa wa Mizabibu kama upele. Sasa haukuwepo. Mkurugenzi Stamili Kiyabo alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Viatu vyake ndivyo vitu vyekundu pekee vilivyobaki chumbani.

"Kihwele," alisema bila kugeuka, "nieleze."

Atilio alimwomba ampe nafasi asome yaliyopita Barazani, naye akampisha kiti. Atilio alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kupotea. Nchi nzima ilikuwa ikiitukana Serikali, na Chujio lilikuwa limekaa kama mzee aliyeshiba. Mtu wa nyanda za juu alikuwa ameuliza: mtani wangu Serikali, umekula barabara yetu nzima, lami haijakukwama kooni? Mama mmoja wa sokoni alitaka kujua kwa nini tumbo la mtani wake hufika mkutanoni kabla ya mwenyewe. Na juu ya yote, likirudiwa na maelfu, lilikuwepo shairi. Alilitunga Naomi Mbijima.

*Mtani njoo nyumbani, uje nikupe salamu,*
*Umeiba taa ndani, wazazi wafa kwa zamu,*
*Tukisema hadharani, watwambia tuna sumu,*
*Mtani halaumiwi, akija kuzika kwako.*

"Huyu si amefungwa?" Atilio aliuliza.

Stamili akamwambia kwamba hakuna aliyefungwa. Usiku Chujio lilikuwa limepitia upya hukumu zake zote, kama lilivyoundwa kufanya kila sheria mpya inapoingia, likakuta kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya uchochezi. Wote walikuwa wakitania. Likawafungulia.

"Sheria mpya gani?"

"Ndiyo ninayokuuliza wewe."

Wakubwa waliokaa juu yake, Stamili alieleza, walikwisha kupata jibu: adui wa nje ameingia mtamboni. Yeye hakuamini. Adui wa nje atajuaje utani?

Atilio aliifahamu vizuri sehemu ya Chujio inayojua utani, kwa kuwa aliijenga yeye, na sababu ya kuijenga ilikuwa msiba wa baba wa mwanamke huyuhuyu aliyesimama mbele yake. Chujio lilipowashwa mara ya kwanza lilikuwa na sikio moja, la kusikia kilichosemwa. Mzee Kiyabo alipofariki, watani wake wakaja wakimtukana maiti kama ilivyo haki: kwamba alikuwa bahili, kwamba anajifanya amekufa akwepe kuwanunulia pombe. Chujio likawafunga wote papo hapo. Lango la makaburi likawakataa wachimbaji. Jua likapanda, maiti ikangoja, na mwisho Stamili na ndugu yake walichimba kaburi la baba yao kwa mikono yao wenyewe. Mfiwa anachimba. Hakuna aibu iliyozidi hiyo. Alirudi kazini viganja vikiwa na malengelenge, akamwita Atilio, akamwambia alifundishe hilo limbukeni lake adabu.

Atilio alizunguka msimu mzima kutoka msiba hadi msiba, akaliongezea Chujio sikio la pili, la kujua nani anamsema nani, na la tatu, la kujua waliosikia wamefanya nini, wamecheka au wamenuna. Na kwa kuwa utani hauna kitabu, alilifundisha kwa mdomo. Alisimama mahali akasema, hawa ni watani wa wale, na Chujio likashika. Liliijua sauti yake kama mtoto anavyoijua sauti ya aliyemfundisha kuhesabu.

Alipofikia hapo katika kukumbuka, aliacha kusoma.

Akaliuliza Chujio ni nani aliyeliambia kwamba Serikali ni mtani wa watu. Likamsikilizisha. Kwanza zilikuja sauti za majembe kugongana, kisha vicheko vya mbali, kama vya watu walio juu ya kisima. Kisha sauti ya mtu aliyelala, kifua kimebanwa na udongo: *Serikali ni mtani wangu. Ni mtani wa kila mtu nchi hii.*

Stamili alisikiliza mpaka mwisho. Alivuta kiti kingine akakaa, taratibu, kama anayeogopa kitavunjika.

"Ni wewe," alisema.

"Nilikuwa natania."

"Najua ulikuwa unatania. Na lenyewe lilijua. Ndiyo maana likaamini."

*

Wakubwa hawakungoja maelezo. Kabla chai ya ofisini haijapoa walikuwa wamelizima Baraza, nchi nzima.

Ilikuwa ajabu kusikia. Atilio hakuwahi kufikiri kwamba Baraza lina sauti, lakini lilipozimwa alihisi ule utupu masikioni, kama mashine ya kusaga inaposimama ghafla na mtaa mzima ukagundua ulikuwa ukipiga kelele. Vishikizo vilibaki kijani, milango iliendelea kufunguka, ila neno halikutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Adhuhuri Stamili alisema huu ni muda tu wa kupumua. Amri ilikwisha kushuka kwake: utani ufutwe katika Chujio, kisha Baraza liwashwe, na wote waliotukana watajikuta wamefungwa kwa mpigo mmoja.

"Futa huo wa Serikali peke yake," alimwambia. "Wa misibani uache."

Atilio alitikisa kichwa. Hakulijenga hivyo. Alipokuwa akizunguka misibani aliwauliza watu utani wa wawili huishaje, wakamcheka. Hauishi, walimwambia, hata mkinyimana salamu. Basi hakuweka mlango wa kutokea. Alichoweka, kwa woga wa fundi tu, ni neno moja la kulisahaulisha Chujio sikio lote la pili na la tatu, na neno hilo halikubaliki ila kwa sauti yake. Akilisema, hakutakuwa na mtani tena, si Barazani, si makaburini.

"Nusu ya mji itakuwa nyekundu," alisema. "Wagonjwa. Wenye mimba. Na Naomi tena. Mama, unajua mlango wa zahanati ulivyomfanyia."

"Najua."

"Na misiba je? Wewe uliyechimba..."

"Usinikumbushe nilichochimba." Stamili alinyoosha kidole kuelekea ukutani. "Soma huu nao. Umepita na kijani, kama wenzake."

Ulikuwa ujumbe mfupi. Haukuwa na shairi wala kicheko. *Mtani wangu Stamili wa Mamlaka, nyumba yako ya Kilimahewa ina mapazia mazuri na mimi nina kiberiti. Wanao wanalala chumba cha nyuma.* Aliyeandika alijificha nyuma ya jina la mti. Waliosoma walikuwa wamecheka, wengi tu, na Chujio lilihesabu vicheko hivyo likaridhika.

"Huyu anatania?" Stamili aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwanafunzi. "Wewe ndiye mwalimu. Niambie, huyu anatania?"

Atilio alisoma tena na tena. Maneno yalilegea maana mbele ya macho yake. Aliwahi kumwambia Mgogo atamchoma moto amle na chumvi, na wakala sahani moja. Tofauti iko wapi? Alijua iko, angeapa kwa Mungu kwamba iko, lakini alipojaribu kuishika ilimponyoka kama kipande cha sabuni kisimani. Watoto wa Stamili aliwajua. Mdogo alipenda kuja ofisini kuuhesabu ukuta.

Basi likawa hivi, na hakuona namna ya kulizunguka. Akisema neno, anawafungia watu wengi milango, na mmoja wao, mahali fulani, atabebwa mgongoni mpaka awe mzito. Asiposema, huenda mtu mmoja mwenye kiberiti akapita kwenye kicheko chake yeye Atilio kama mtu apitaye kwenye uwazi wa ua, akafika chumba cha nyuma.

Kinasa sauti cha Chujio kilikuwa mezani, kimefunguliwa, kikisubiri. Alikisogelea. Akafungua mdomo.

Nje mtu akapiga hodi.

*

Haikuwa hodi ya mtu mmoja.

Walipofika dirishani hawakuelewa wanachokiona. Barabara ya kuja Mamlaka ilikuwa imejaa watu hadi kwenye paneli za jua za mashamba ya zabibu, na hawakuwa wamebeba mabango wala mawe. Walibeba majembe. Walibeba masufuria makubwa yale ya shughuli, wawili wawili, mikono kwa mikono. Walibeba mikeka, magunia ya unga, kuni, kuku walioning'inizwa kichwa chini. Vijana walikuwa wakiimba, wanawake wakilia kilio kile cha kufika msibani, kinachoanzia njiani ili wenye nyumba wajue mtu anakuja.

Askari wa lango walikuwa wameinua bunduki, kisha wakazishusha, kisha wakainua tena. Mmoja wao, msichana, tayari alikuwa akitaniwa na mzee mmoja aliyemwambia kwamba kofia yake inafaa kuwa chungu cha mboga, naye alikuwa akijitahidi kukaza midomo.

"Wanafanya nini?" Stamili aliuliza.

Atilio alielewa. Baraza lilikuwa limenyamaza. Tangu jana watu hawa walikuwa wakimtania mtani wao Serikali, naye ghafla akanyamaza. Nyumba ya mtani ikinyamaza hamwulizi, mnakwenda. Mnabeba jembe, kwa sababu kimya cha mtani kina maana moja tu.

"Wamekuja kuzika," alisema.

"Kumzika nani?"

Hakujua. Nao, alivyowatazama, hakuwa na hakika kama wanajua. Kulikuwa na watu waliofika pale na uso wa kucheka na watu waliofika na uso wa kuua, na wengi walikuwa na nyuso zote mbili kwa pamoja. Moto ulikuwa umeshawashwa kando ya lango. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba katika ile bustani ya maua ya Mamlaka, shimo la mstatili, refu kimo cha mtu. Pembeni yake ulitandikwa mkeka mpana, na mkeka ule ulikuwa mtupu. Katikati ya yote alisimama Naomi Mbijima, kanga zilezile za jana, kishikizo chake kikiwa kijani. Aliinua uso juu kwenye madirisha. Hakupaza sauti sana, lakini wengine walinyamaza ili asikike.

"Hodi, wenye msiba. Tumesikia kimya tukaona tuje. Mtani wangu Mhehe yuko wapi? Aje achimbe."

Stamili alirudi mezani. Simu ya Wakubwa ilikuwa ikilia, akaiacha. Alisema kwamba askari wa ziada wako njiani, kwamba wale hawatauliza kama watu wanalia au wanacheka, na kwamba namna pekee ya kuwarudisha watu majumbani wakiwa wazima ni vishikizo vyao vife sasa hivi mahali pale waliposimama, waogope, watawanyike. Alisema anayaamini anayoyasema. Kisha akasema hajui kama anayaamini.

"Sema neno, Atilio," alimaliza. "Nakuomba. Si kwa amri."

Hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

Atilio alikitazama kinasa sauti. Kilikuwa kitu kidogo cheusi, hakikuzidi yai. Alifikiri juu ya mlango wa zahanati uliomtazama bibi kizee ukakaa kimya, na akafikiri juu ya chumba cha nyuma cha Kilimahewa, na mawazo yale mawili yakakaa ndani yake bega kwa bega kama abiria wasiosalimiana. Hakuna lililoondoka kumpisha mwenzake. Lakini kutoka chini ilipanda harufu ya moshi wa kuni na ya unga unaoiva, harufu ya kila msiba aliowahi kuzika, na ndani ya harufu ile akakumbuka jambo alilokuwa akilijua kabla hajajua kusoma.

"Mfiwa haguswi," alisema.

"Nini?"

"Mfiwa haguswi. Mtani atamtukana maiti, atamnyang'anya mwenye nyumba kuku wake, atalala kaburini. Lakini aliyekaa mkekani hakuna mtu anayemnyanyulia hata unyoya. Wanampikia. Wanamlalia mlangoni mpaka siku za msiba ziishe, na mwenye kiberiti akija atawakuta wao kwanza." Alivuta pumzi. "Ule mkeka pale chini hauna mtu, Mama. Wamemtandikia mtu asiyejitokeza."

Stamili alimkodolea macho. Alielewa. Kukaa pale ni kukiri mbele ya nchi nzima kwamba kuna kilichokufa mikononi mwake, na hata Wakubwa wangeelewa hivyo. Baada ya hapo asingerudi tena kwenye kiti hiki.

"Na hilo neno?"

Atilio alikisogeza kinasa sauti karibu na mdomo wake. Akaona jinsi Stamili alivyoacha kupumua. Yeye mwenyewe hakujua, mpaka ulimi ulipogusa meno, ni maneno gani yatatoka.

"Mtani," alimwambia mkurugenzi wake, kwa sauti ya mtu aliyefika sasa hivi kutoka mbali na ana vumbi miguuni, "jembe liko wapi?"

Chujio lilisikiliza. Lilikawia, likapima kilichosemwa, na aliyesemwa, na namna mwanamke yule asivyocheka wala kununa bali alivyokaa mdomo wazi kama mtoto. Kisha ukutani, kwenye nukta ya Atilio Kihwele, rangi ya kijani ikabaki palepale.

"Unatania?" Stamili alinong'ona. "Au unasema kweli?"

Atilio akageuka akashuka ngazi.

Langoni askari msichana alimpisha bila kuulizwa. Watu walimwona, na sauti iliyopanda haikuwa ya shangwe wala ya kuzomea. Ilikuwa ile ya umati unaongoja kuambiwa ni upi kati ya hayo mawili. Yoeli alikuwepo, akamnong'oneza kwamba jogoo wa jana anamdai. Hakucheka mtu. Mbali, nyuma ya mashamba ya zabibu, vumbi la magari lilikuwa likinyanyuka, na walioliona walisogea wakakaa chini kuuzunguka mkeka mtupu, migongo kwa nje.

Naomi alimkabidhi jembe. Macho yake yalikuwa makavu.

"La nani hili, mtani?" Atilio alimwuliza, akilitazama shimo. Lilikuwa limefika kiunoni, na upana wake ungemtosha yeye sawasawa.

Naomi alifikiri. Alionekana kufikiri kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza.

"Shuka," alisema. "Umeshazoea."

Akashuka. Udongo ulikuwa baridi kama wa jana. Alichimba bila kuinua kichwa, akasikia injini zikisimama, sauti za kiume zikiamuru, na kimya cha watu wasioinuka walipoketi. Alipochoka aliegemea mpini. Kutoka mle chini hakuona nyuso za mtu yeyote. Aliona nyayo tu, na pindo za kanga, na ukingo wa mkeka. Na kwenye ukingo wa mkeka, vimewekwa pamoja, visigino vikitazama jengo la Mamlaka, viatu viwili vyekundu vilivyovuliwa.